Nilivyoanza kupiga picha za taarabu Lamu

Lamu muziki wa jukwaani haupatikani kila wiki. Ni harusi, ni Tamasha la Utamaduni ambalo kwa kawaida huja mwishoni mwa mwaka, ni usiku mmoja mmoja pale Mkunguni, mbele ya Ngome. Kwa hiyo nilipotaka kujifunza kupiga picha za wanamuziki sikungoja tamasha. Niliomba ruhusa ya kuhudhuria mazoezi ya kikundi cha taarabu cha mtaani kwetu, na hilo ndilo ningemwambia kila anayeanza: nenda mazoezini. Hakuna tiketi, hakuna umati wa kukuziba, na wimbo mmoja unarudiwa mpaka unauzoea.

Usiku ule wa kwanza nilikuwa nimeshaitoa kamera mkobani. Mpiga udi, mzee anayeheshimika sana mtaani, akanionyesha mkeka. “Keti tini, mwanangu. Sikia kwanda.”

Nikaketi. Walianza na bashraf, ile ya vyombo vitupu kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na nikaona kwamba huo ndio wakati wa wapigaji. Mwimbaji akishasimama, macho yote humfuata yeye. Wakati wa bashraf mpiga fidla hufumba macho na kuinua kidevu kila anapomaliza kifungu, na vidole vya mpiga udi husimama kidogo juu ya nyuzi kabla ya kuteremka. Mwimbaji naye, anapoimba, maikrofoni humfunika mdomo na nusu ya uso. Lakini mshororo wa mwisho wa ubeti ukiisha, huishusha, huvuta pumzi na kuwatazama wenzake. Picha yake iko hapo. Ukiujua wimbo, unakuwa umeshainua kamera kabla hajaishusha.

Kwenye matamasha makubwa, wapiga picha wengi huruhusiwa nyimbo tatu za mwanzo tu, bila flashi. Sheria ya kutotumia flashi naiunga mkono kwa moyo wote, maana flashi humsumbua mwimbaji na huua rangi ya taa. Ila nyimbo tatu za taarabu ni karibu nusu ya usiku, na mambo mazito huja baadaye, watu wakishachangamka.

Kamera yangu ni ya mtumba. Lenzi iliyokuja nayo, ukiivuta karibu, tundu lake la mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa), na kwa taa za uani hiyo ni giza. Nikadunduliza nikanunua lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni katika lenzi za bei nafuu kabisa. Inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya ile. Ndani ya nyumba naweka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 3200, na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, kwenye 1/100 ya sekunde, na nasubiri mtu atulie. Hiyo 1/100 ina sababu: umeme wa Kenya ni 50Hz, taa za tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ikienda kasi zaidi picha hutoka na mistari au rangi isiyolingana. Jukwaani, kwenye mwanga wa kutosha, napanda mpaka 1/250 kwa ajili ya mikono ya mpiga dumbaki, ile ngoma ndogo. Taa nyekundu za LED ndizo zinazonikera. Hufuta mikunjo yote ya uso. Napiga kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera, napunguza mwanga kidogo, na nyingine nazigeuza nyeusi na nyeupe.

Kuna shughuli nisizoingia na kamera. Harusi za akina mama ni zao wenyewe, na mimi ni mwanamume. Hata kwenye hadhara, wakati wa kutunza, mwanamke anapoinuka kumpelekea mwimbaji noti huku akicheza taratibu, sipigi uso wake bila idhini. Kabla ya shughuli namwona mwenye nyumba, halafu kiongozi wa kikundi, nawauliza kipi hakipigwi. Picha ninayoipenda kuliko zote ilitoka hapo: mkono wenye hina mpaka kwenye kifundo, noti imekunjwa mara mbili, na nyuma yake, kwa ukungu, mwimbaji anacheka. Mwenye mkono hatambulikani, na wimbo wote umo.

Asubuhi inayofuata huwa nawatumia wanakikundi picha chache nzuri kwa WhatsApp, bila malipo, mpiga ngoma wa nyuma naye asisahaulike, kwa kuwa huyo hapigwi picha na mtu. Kiongozi wao alitumia mojawapo kwenye tangazo la shughuli. Baada ya hapo mwenye harusi mmoja akanipigia kuuliza bei yangu. Nilimtajia nauli ya boti, chakula cha usiku na pesa kidogo ya betri ya pili, akakubali.