Bolti ya namba 14

Huku kwetu Wete bolti huitwa kwa namba ya spana yake, nami kwa desturi hiyo niliagiza dukani Chake Chake "bolti ya namba 14" niirudishie kalipa, yaani kibano cha breki, ya mbele ya pikipiki yangu, kwani moja kati ya mbili zinazoikamata ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi. Nilipewa bolti inayong'ara, ya urefu ule ule na kichwa cha 14. Iliingia mizunguko miwili kwa mkono, kisha ikagoma. Nikadhani ni uchafu, nikaiongezea nguvu ya spana, ilhali tundu lile limo kwenye mguu wa shokapu, nao ni wa aluminiamu, isiyoshindana na chuma.

Fundi mmoja mzee wa jirani aliniamuru niifungue ile pacha iliyosalimika. "Mwanangu, kichwa kiache, tazama meno." Akazilaza bolti mbili ubavu kwa ubavu, akaziinua kwenye mwanga wa mlango: meno ya mwanzo yalikaliana, yaliyofuata yakapandana. Mimi nilitaka namba, nikachukua rula na kupima kutoka jino la kwanza hadi la kumi na moja. Ya zamani ilitoa milimita 12.5, mpya 15. Ukigawa kwa kumi, hatua ya hesi, yaani umbali wa jino hadi jino, ni 1.25 na 1.5. Zote ni M10, yaani unene wa milimita 10, ila M10 ya kawaida ina hatua ya 1.5, na pikipiki za Kijapani hutumia sana 1.25. Kwa M6 yenye hatua ya 1 na M8 yenye 1.25 ni nadra kupotea hivyo. Spana haisaidii kitu: M8 ya Kijapani aghalabu hufunguliwa kwa 12, nyingine kwa 13, na hesi ni ile ile.

Fundi alipitisha tapu, kifaa cha kuchongea meno ndani ya tundu, ya M10 kwa 1.25, yenye mafuta, nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Kwa bahati yaliharibika meno mawili tu ya mdomoni. Hesi iliyosalia ilizidi milimita 15, mara moja na nusu ya unene wa bolti, akaridhika.

Nikapanda daladala kurudi dukani, nikaomba M10 yenye hatua ya 1.25, iliyoandikwa 8.8, alama ya nguvu ya bolti, au zaidi kichwani, kwani kwenye breki siiamini bolti isiyo na alama. Kijana wa duka akanitazama.

"Spana namba ngapi, sheikh?"

Nikaitoa ile pacha mfukoni.