Frumentius hakungoja apewe cheo

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii moyo umekuwa mzito, uhamisho wa kazi umenileta mji ambao sina ndugu wala jumuiya, nikipiga magoti namuuliza Mungu hivi huku nafanya nini, kule nilikuwa kwaya, nafundisha katekesi, huku nashinda na mahesabu tu. Ndo nikamkumbuka Mtakatifu Frumentius.

Huyu alikuwa kijana wa Tiro, karne ya 4, yuko safarini na mwenzake Aedesius na mwalimu wao. Meli ikatia nanga pwani ya Bahari ya Shamu, wenyeji wakaua karibu wote, hawa wawili wakakutwa wamekaa chini ya mti wanadurusu masomo yao, wakaonewa huruma wakapelekwa kwa mfalme wa Aksum kule Ethiopia. Aedesius akawa mnyweshaji wa mfalme, Frumentius akakabidhiwa hazina na nyaraka. Mahesabu jamani!

Mfalme akafa, malkia akawaomba wabaki wamsaidie maana mtoto bado mdogo. Sasa hapa ndo pananigusa, mtu hana daraja, hana hata barua ya paroko, kaletwa mateka, lakini anawatafuta wafanyabiashara Wakristo wanaopita pale, anawahimiza wawe na mahali pa kukutana wasali, anawapa viwanja vya kujenga, anawapa na vinginevyo wanavyohitaji. Kwa nafasi ileile ya kazini! Na sisi je? Mtu akikosa uenyekiti wa jumuiya hatumuoni tena, mwingine mpaka aitwe mtumishi ndo ashike ufagio wa kanisani. Acheni hayo wapendwa, watu wanahitaji kusali leo, hawawezi kungoja wewe upewe cheo.

Yule mtoto wa mfalme, Ezana, alipokua, Aedesius akarudi Tiro, Frumentius akaenda Aleksandria kumuomba Athanasius, askofu wa kule, atume askofu Aksum, wala hakujiombea yeye. Athanasius akamjibu karibu kama Farao alivyosema juu ya Yusufu, tutampata wapi mwingine mwenye Roho wa Mungu kama wewe, akamweka wakfu yeye mwenyewe akamrudisha Aksum. Baadaye sarafu za Ezana zilizokuwa na alama ya mwezi zikabeba msalaba, na Waethiopia mpaka leo wanamwita Frumentius Abba Salama, yaani Baba wa Amani.

Kuna dada hapa ofisini nimemuona anafanya ishara ya msalaba kabla ya kula. Kesho namuomba tuwe tunabaki kidogo baada ya kazi tusali rozari, na mlinzi naye nitamwambia. Mniombee.