Leo mzee amefika Chavakali

Tangu apigwe na stroki mwezi wa tatu, baba alibaki na neno moja tu, Jumatatu. Ukimuuliza kama amekula, Jumatatu. Chai ikipoa, Jumatatu, na hiyo anaitoa na hasira mpaka unajua kabisa shida ni chai. Daktari wa wodi alitueleza kwamba damu ilikosa kufika upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko lugha inakaa, ndio maana hata mkono wa kulia ulilala. Hiyo ya maneno inaitwa afasia. Akili yake iko, akasema, anawasikia vizuri sana, tafuteni therapisti wa usemi. Sasa hao watu kwa hii Kisumu yetu utawatafuta mpaka viatu viishe.

Wa kwanza alikuwa na kliniki ya kibinafsi, sofa safi, AC, elfu tatu kwa dakika 40. Mpole kweli, lakini dakika zote aliongea na mimi. Analala vizuri? Anameza dawa? Na mzee mwenyewe ameketi hapo katikati yetu kama gunia la mtu. Kisha akatoa kadi za watoto, akamuuliza kwa Kiingereza cha nasari hii ni nini, na picha yenyewe ni mtu wa theluji. Jamani. Huyu mzee amekuwa makanga wa matatu za Kisumu-Kakamega miaka 26, ameshukisha walevi na mapolisi, leo anaulizwa theluji? Aliangalia ukuta tu. Nilimpeleka mara nne kabla nikubali nimekosea, na hiyo elfu kumi na mbili bado inaniuma.

Wa pili alikuwa wa simu, kutoka Nairobi. Netiweki ilituamulia.

Wa tatu tulielekezwa na dada wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, hospitali ya serikali, tulipanga laini mpaka saa saba, na chumba chenyewe nusu ni stoo. Huyo mama alivuta kiti akakaa mbele ya mzee, sio mbele yangu. "Mirembe, baba." Yeye ni Mjaluo, alituambia hiyo ndiyo Kilogoli yake yote, lugha yetu ya nyumbani. Kwanza akampa maji kijiko kwa kijiko akiangalia koo, juu kumbe hata kumeza ni kazi yao, na sisi kile kikohozi cha uji tulidhani ni homa. Halafu akamuuliza swali moja, pole pole, akanyamaza. Nikafungua mdomo nimjibie, akaniinulia kidole. Tulikaa hivyo mpaka nikaanza kusikia feni. Mzee akatingisha kichwa, ndio.

Ndio akanigeukia: huyu akikasirika hutukana kwa lugha gani? Kilogoli, nikasema. Na kazini? Kiswahili.

Akasema vitu mtu amerudia miaka mingi, kama kuhesabu, nyimbo, sala, mara nyingi hutoka hata kama maneno ya kawaida yamegoma, ila akatuonya tusidhani hiyo ni kupona, ni pa kuanzia tu. Kisha akagonga meza mara mbili, vile makanga hugonga bodi. "Baba, gari imejaa. Kondele..." Akaacha hapo. Mkono wa kushoto wa mzee ukapanda, ukagonga meza.

"Mamboleo."

Mimi nilitoka nje nikajifanya napigiwa simu.

Sasa kila jioni tunazima TV tunapanda gari hapo mezani, steji moja baada ya nyingine za barabara ya Kakamega. Ndugu yangu hawezi kujizuia, neno likichelewa anamalizia yeye, tumeshamfukuza mezani mara mbili. Kiboswa ilituchukua wiki mbili nzima. Leo Majengo imetoka, Mbale ikatoka, halafu kimya kirefu, mama ameacha hata kuchambua mchele, mzee anagonga, anagonga tena. Chavakali! Na zile r na l zake za zamani.

Akashika kikombe, akaonja.

"Jumatatu."

Mama akainuka kuipasha.