Matone ya damu, sala na uamuzi wa mteja

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lilitoa bango kitita la kumsaidia mteja wa uzazi wa mpango kuamua mwenyewe njia itakayomfaa. Ukurasa mmoja unamtazama mteja na mwingine unamtazama mtoa huduma, na mazungumzo huanzia kwenye haja za mteja. Ni zana nzuri, lakini kuifasiri kwa Kiswahili fasaha na kumchora mwanamke aliyevaa buibui hakutoshi kuifanya yetu.

Tuchukue suala la damu. Mwanamke anayetumia sindano ya miezi mitatu au kipandikizi huweza kutokwa na matone yasiyo na mpangilio, hasa miezi ya mwanzo, na kwa kawaida jambo hili hutajwa mwishoni, miongoni mwa maudhi madogo madogo. Kiafya ni sawa. Kwa Mwislamu wa pwani, hata hivyo, damu ndiyo inayoamua kama atasali, kama atafunga Ramadhani na kama mumewe atamkaribia. "Sista, nikiona doa alfajiri, nisali au nisisali?" Swali hili nimeulizwa kliniki mara nyingi kuliko swali la kunenepa, na bango halikuwa na ukurasa wa kulijibu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, hedhi haizidi siku 15. Damu ya istihadha, yaani inayotoka nje ya hedhi na nifasi, haimzuii mwanamke kusali wala kufunga, ila ana masharti yake ya tohara, ambayo mwalimu wa dini atamweleza vizuri kuliko muuguzi.

Ndiyo maana naona suala la damu lipewe ukurasa wake mbele, ukae sambamba na ule wa ufanisi. Kwa kila njia wachorwe wanawake 100: wanaotumia sindano, takriban 4 hupata mimba katika mwaka wa kwanza, wanaotumia vidonge, takriban 7, wenye kipandikizi au kitanzi, chini ya 1. Pembeni ielezwe kwamba kitanzi cha shaba hakina homoni, lakini huweza kuongeza wingi na siku za hedhi. Hapo mteja atapima kwa mizani yake mwenyewe, na akichagua njia yenye ufanisi mdogo zaidi kwa ajili ya ibada yake, uamuzi huo uheshimiwe.

Kuhusu familia, mwongozo wa Ottawa, Kanada, wa kumsaidia mtu kufanya uamuzi, una swali ambalo ningependa liingizwe: nani wengine wanahusika katika uamuzi huu, na je, wanakushinikiza? Kwetu watatajwa mume, mama mkwe, pengine na somo yake, yaani kungwi wake. Swali hilo aulizwe akiwa peke yake, kabla mume hajakaribishwa ndani, kwa sababu wapo wanaochagua sindano kwa kuwa haiachi alama yoyote nyumbani, na mteja wa namna hiyo hatalisema hilo mbele ya mtu.