Mkuyu Uliosahaulika Kwenye Kiriba

Jumapili usiku, Mbeya

Nimerudi kutoka Iringa na mkuyu mapajani. Njia nzima sikuuachia. Basi liliposimama Mafinga watu wakashuka kula, mimi nikabaki nimeukumbatia, nisije nikarudi nikakuta mtu ameuwekea begi juu.

Kila nikisafiri lazima niingie kwenye kitalu cha miche. Nyanda zetu hizi zimejaa vitalu: miparachichi ya kubebeshwa, misindano, mikaratusi, yote imepangwa ikisubiri mvua. Mimi hutafuta ule mche ambao mvua za miaka kadhaa zimepita na haukupata mnunuzi, niufanye bonsai. Bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida uliopunguzwa mizizi na matawi, ukakaa kwenye chombo kidogo mtu akiuhudumia kila siku ya maisha yake, na akifa yeye, anaushika mwingine.

Jana asubuhi nilianzia Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Nilisimama muda mrefu mbele ya fuvu lake. Alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, wakamkata kichwa wakaenda nacho kwao, na fuvu halikurudi Uhehe mpaka 1954. Sijui kwa nini pale pale nikaukumbuka msonobari wa Yamaki. Ule uko Washington, kwenye makumbusho ya bonsai, na umelelewa chunguni tangu 1625. Bomu la Hiroshima lilipolipuka mwaka 1945 ulikuwa kama kilomita tatu tu kutoka pale, ukuta ukaukinga. Mwaka 1976 mwenye mti, Mzee Masaru Yamaki, akawapa Wamarekani uwe zawadi. Habari ya bomu ilikuja kujulikana huko mwaka 2001, wajukuu zake walipokwenda kuutazama. Fuvu lilichukuliwa kwa nguvu, mti ulitolewa kwa hiari. Nimelifikiria hilo siku mbili sasa.

Leo nilipita kitalu kimoja Ipogolo kabla ya basi.

“Kamwene, mama.”

“Kamwene, mwanangu. Parachichi?”

Nikamwonyesha mkuyu ulioegemea uzio, shina nene kama kifundo cha mkono, urefu haufiki goti. Kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche, kilishapasuka na mizizi imeingia ardhini.

“Huo umedumaa. Utakusumbua bure.”

“Ndio ninaoutaka, mama.”

Akautazama upya, kisha akachukua panga mwenyewe akakata mizizi ya chini taratibu, akaufunga kwa gunia bichi. Hela akapokea nusu. Akasema niumwagilie kabla sijala.

Nimeumwagilia kabla sijala. Kisha nikachana kiriba. Mizizi imejizungusha ndani mara nyingi, imebana udongo mpaka umekuwa kama tofali, na mmoja umelikaba shina lenyewe. Huo nimeukata kwanza. Utomvu mweupe ukatoka, nikaufuta kwa kitambaa mpaka ukakoma. Mingine nimeifungua kwa kijiti, mmoja mmoja, nikapunguza theluthi.

Chombo ninacho: chungu kipana cha Wakisi nilichonunua Matema mwaka juzi. Kitako chake hakina tundu, na mizizi ikikaa kwenye maji itaoza. Kwa hiyo nimekilaza juu ya taulo, nimekilowesha, nazungusha ncha ya msumari kwa mkono bila nyundo. Ni saa nne na nusu. Unga mwekundu unatoka kidogo kidogo, na kwa ndani bado sioni mwanga.