Postfix nimeiinstoo, leseni ikaniweka macho

Jana nimekesha mpaka saa nane usiku na kaseva kangu ka Debian (aina ya Linux), na kuinstoo Postfix yenyewe, programu ya kutuma na kupokea barua pepe, wala haikuwa kazi, apt install postfix, kikaja kile kiskrini cha bluu nikachagua Internet Site nikaandika domeini yangu, Exim, programu nyingine ya barua iliyokuwemo, ikatolewa yenyewe, dakika tano nimemaliza. Sasa tuma barua uone. Haziendi! Kwenye logi ni "Connection timed out" mstari juu ya mstari, kumbe jamaa wanaonikodisha seva wamefunga poti 25 ya kutokea, yaani njia ambayo seva hutumia kupelekea barua kwa seva nyingine, ikabidi niwaombe wafungue.

Nikiwa nasubiri jibu nikaanza kusoma leseni, kitu ambacho huwa sifanyi kabisa. Postfix aliiandika Wietse Venema akiwa IBM, ikatoka 1998, ndo maana ina leseni ya IBM, huru kabisa ila haipatani na GPL, leseni huria nyingine inayotumiwa na Exim, yaani huwezi kuchukua msimbo (code) wake ukauchanganya na wa Exim ukasambaza. Siku hizi wameongeza leseni ya Eclipse 2.0, unachagua mwenyewe. Ila qmail, programu nyingine ya barua ya Daniel Bernstein, ndo kiboko bwana, miaka yote hiyo ulikuwa huruhusiwi kusambaza uliyoibadilisha, unachukua msimbo wa asili halafu viraka (marekebisho ya msimbo) unabandika mwenyewe kama kaptula ya shule, mpaka 2007 Bernstein alipoiachia iwe mali ya umma.

Asubuhi poti ikafunguliwa. Nikajitumia barua Gmail, ikaenda moja kwa moja spamu, SPF, ile rekodi ya domeini inayosema seva zipi zinaruhusiwa kutuma barua zake, nilisahau kuweka.