Donge la damu mguuni nikiwa kwenye dawa ya akili: namna nilivyoendelea na tiba zote mbili

Nilianzishiwa olanzapini, dawa ya akili, baada ya kugundulika kuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili ulionifanya nisikie sauti zisizokuwepo. Mwanzoni usingizi ulinielemea kiasi kwamba nilishinda kitandani, nikiamshwa kula kisha kulala tena. Sauti zilipungua, nyumba ikatulia, na kwa ndugu zangu hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa. Kisha mguu wa kushoto ukaanza kuuma kwenye shavu, ukavimba kuanzia kifundo hadi karibu na goti, ngozi ikawa ya moto, ilhali wa kulia ulikuwa kama kawaida. Shangazi alitaka kuuchua kwa mafuta, na duka la dawa la mtaani walikuwa tayari kuniuzia diklofenaki, dawa ya maumivu. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, alikataa yote mawili. Alichukua tepu ya fundi cherehani, akapima mashavu yote mawili ya miguu kwa umbali uleule chini ya goti. La kushoto lilizidi kwa zaidi ya sentimita 3, na jioni ileile tukaenda hospitali.

Ultrasaundi ilionyesha donge la damu katika vena (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo) ya ndani ya mguu. Daktari alieleza kwamba dawa za kutibu saikosisi (hali ya kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo), kama olanzapini, huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye vena, hasa miezi 3 ya mwanzo, na kwamba huenda sababu ni zaidi ya moja: mtu husinzia na kukaa bila kutembea, uzito hupanda, na baadhi ya dawa hupandisha homoni ya prolaktini, ambayo inadhaniwa kuzichochea chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoigandisha, kushikana. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kuwa hatari huongezeka kwa karibu theluthi moja, lakini kwa hesabu ya watu hiyo ilikuwa kama wagonjwa 4 wa ziada kwa kila watumiaji 10,000 kwa mwaka. Naona ni vema namba hizo mbili zitajwe pamoja, kwa sababu ya kwanza ikisemwa peke yake humfanya mtu atupe vidonge vyake, na mimi najua ugonjwa wangu unarudi vipi.

Sikuacha olanzapini. Kazi ngumu ilikuwa kuzipatanisha kliniki mbili ambazo hazizungumzi, kwani daktari wa magonjwa ya ndani alikuwa na faili lake na kliniki ya afya ya akili lake. Nilinunua daftari moja, nikaandika humo kila dawa, kipimo na tarehe, nikaliweka mezani kabla sijaulizwa chochote. Lilinisaidia kweli. Nilianza kwa sindano za inoksaparini chini ya ngozi ya tumbo, kisha vidonge vya warfarini, zote zikiwa dawa za kuzuia damu kuganda, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kilitakiwa kibaki kati ya 2 na 3. Kliniki ya akili ilipofikiria kuniongezea karbamazepini, dawa ya kifafa inayotumika pia kutuliza hali ya moyo, mfamasia alisoma daftari akawatahadharisha kuwa dawa hiyo huharakisha kuvunjwa kwa warfarini mwilini na kuidhoofisha. Vilevile sindano ya kila mwezi ya msulini, ambayo ilikuwa imependekezwa, iliahirishwa kwa kuhofia damu kuvilia ndani ya msuli.

Mchicha, kisamvu na matembele sikuviacha, maana vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini, na shida ni kuvila kwa kubadilika-badilika. Nilikula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Dawa za maumivu nilibaki na parasetamo kama nilivyoshauriwa. Niliambiwa pia kwamba kifua kikichoma ghafla, pumzi ikikata au nikikohoa damu, nisisubiri kliniki, niende hospitali usiku huohuo.

Baadaye olanzapini yote ilihamishiwa usiku, nami nikaweza kutembea asubuhi hadi sokoni na kurudi. Warfarini ilisimamishwa na daktari mwenyewe baada ya muda wake kutimia. Kliniki bado hunipima uzito na sukari kila nikienda. Habari ya miguu naianzisha mimi.